Mzee wa miaka 72: stenti au kupasuliwa kifua?

Jumanne moja mwezi uliopita aliingia chumbani kwangu mzee wa miaka 72, mkulima wa kahawa kutoka upande wa Mbinga, ameshikwa mkono na binti yake. Binti alikuwa na bahasha ya kaki, ndani yake barua kutoka Dar es Salaam na sidii ya picha za mishipa ya moyo. Nilimwamkia mzee, akaitikia, akakaa. Binti hakukaa.

"Daktari, tunaomba utuelekeze," alisema. "Wamesema baba apasuliwe kifua. Jirani yetu mwaka jana alikuwa na ugonjwa huohuo, wakampitishia waya mkononi, kesho yake anatembea. Kwa nini baba yetu wampasue? Si ni mzee jamani?"

Mzee ameniruhusu niandike habari zake, nami nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Swali la binti yake nimeliacha kama lilivyo, kwa sababu hapa Songea naulizwa swali hilo mara kwa mara, na karibu kila mara anayeuliza ni mtoto, si mgonjwa.

Tuanze na moyo wenyewe. Moyo husukuma damu kwenda mwili mzima, lakini nyama yake hailishwi na damu inayopita ndani ya vyumba vyake. Una mishipa yake midogo inayouzunguka kwa nje, yenye upana wa milimita tatu au nne hivi. Madaktari huihesabu kuwa mitatu mikubwa. Miaka ya presha, sukari, sigara na lehemu nyingi kwenye damu hujenga utando ndani ya mishipa hiyo, njia ikawa nyembamba. Mgonjwa akitembea mlimani au akibeba ndoo, moyo unadai damu zaidi na damu haipiti. Ndipo kifua kinabana kama kimefungwa mkanda, maumivu yanapanda shingoni au yanashuka mkono wa kushoto. Akisimama kupumzika, yanaachia.

Mzee wangu alikuwa na hali hiyo zaidi ya mwaka. Alikuwa akinywa dawa za vidonda vya tumbo. Kwa wazee, hasa wanawake na wenye kisukari, ugonjwa huu hujificha: wengine hawaumwi kifua kabisa, wanachoka tu, au wanakosa pumzi wakitoka chumbani kwenda chooni. Ukimwona mama yako anasimama mara tatu kwenye kipando alichokuwa akikipanda mara moja, usiseme ni uzee.

Mishipa ikishaonekana imeziba, njia za kuifungua ni mbili. Ya kwanza ni stenti. Daktari anachoma ganzi kwenye kifundo cha mkono au kinenani, anapitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa wa damu hadi kwenye moyo, anafungua palipoziba kwa kiputo kidogo, kisha anaacha hapo kibomba cha wavu wa chuma kilichopakwa dawa ili njia isijifunge tena. Mgonjwa yuko macho muda wote, na wengi hutoka hospitali baada ya siku moja au mbili. Yule jirani alifanyiwa hivyo.

Ya pili ni upasuaji, ambao madaktari huuita baipasi. Mgonjwa anapewa nusu kaputi, mfupa wa kati wa kifua unapasuliwa, na daktari anachukua mshipa mwingine wa mgonjwa mwenyewe, ama ule ulio nyuma ya ukuta wa kifua, ama wa mguuni, anaushonea ng'ambo ya pale palipoziba. Kazi hiyo huchukua saa tatu mpaka sita. Mgonjwa huamkia chumba cha uangalizi maalumu, mara nyingi akiwa na mashine ya kupumulia, na hukaa hospitali wiki moja hivi, wengine zaidi. Mfupa wa kifua unahitaji wiki sita hadi kumi na mbili kuunga.

Ukisikia hivyo tu, utachagua waya. Hata mimi ningechagua. Ila hebu fikiria barabara yetu ya kutoka Songea kwenda Njombe. Pakiwa na shimo moja baya, unaliziba, magari yanapita. Hiyo ni stenti. Lakini kama kilomita ishirini zimeharibika, ukiziba mashimo matano leo, msimu wa mvua ujao yatafumuka mengine katikati ya yale uliyoziba. Hapo mhandisi mwenye akili anajenga mchepuko unaokwepa kipande chote. (Neno hilo vijana wamelipa maana nyingine, mimi nazungumzia barabara.) Baipasi ni mchepuko huo. Hata utando ukiongezeka kesho kwenye kipande kile cha zamani, damu tayari inapita pembeni.

Kwa hiyo swali la kwanza si umri. Swali la kwanza ni mishipa mingapi imeziba, wapi, na kwa urefu gani. Mshipa mmoja, palipoziba pafupi: stenti kwa kawaida inatosha, na kumpasua mtu kwa ajili hiyo mara nyingi hakuna sababu. Mishipa yote mitatu, imeziba sehemu ndefu au penye maungio: hapo upasuaji unaanza kuzungumzwa kwa uzito. Jirani alikuwa na mshipa mmoja. Mzee wangu mishipa yote mitatu, na ana kisukari kwa miaka 14.

Kisukari ndicho kinachobadilisha hesabu kuliko kitu kingine. Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa FREEDOM, uliohusisha wagonjwa 1,900 wenye kisukari na mishipa ya moyo iliyoziba zaidi ya mmoja. Nusu walipangiwa stenti, nusu upasuaji, kwa bahati nasibu. Baada ya miaka mitano, katika kila wagonjwa 100 wa stenti walikuwa wamefariki kama 16. Wa upasuaji kama 11. Lakini sikiliza na upande wa pili, maana familia nyingi hawaambiwi: kiharusi kiliwapata kama watano kati ya 100 waliopasuliwa, na wawili tu kati ya 100 waliowekewa stenti. Upasuaji una bei yake, na sehemu kubwa ya bei hiyo hulipwa mwanzoni.

Je, wazee? Nilitarajia, nilipokuwa mwanafunzi, kwamba kadiri mtu anavyozeeka ndivyo upasuaji unavyozidi kuwa mbaya kwake na stenti inavyozidi kufaa. Mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 2009 watafiti walikusanya majaribio kumi yaliyolinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa zaidi ya 7,800, na wakaona kwamba upande wa kuokoa maisha, faida ya upasuaji ilionekana zaidi kwa waliofikisha miaka 65 kuliko kwa vijana. Marekani nako waliangalia kumbukumbu za wagonjwa takriban 190,000 wenye miaka 65 na zaidi, waliokuwa na mishipa miwili au mitatu iliyoziba na hawakuwa na dharura. Mwaka wa kwanza hapakuwa na tofauti ya vifo. Mwaka wa nne, waliofariki walikuwa kama 16 kati ya 100 kwa waliopasuliwa na kama 21 kwa wa stenti. Ule wa pili haukuwa wa bahati nasibu. Madaktari walikuwa wamekwisha kuchagua nani apasuliwe, na pengine waliwachagua wenye nguvu. Ndiyo maana siupi uzito wote. Lakini unatosha kunizuia kumwambia mtu, "Wewe mzee, upasuaji haukufai," kabla sijamwangalia.

Angalia tena hiyo "mwaka wa kwanza hapakuwa na tofauti". Maana yake ni kwamba anayepasuliwa anavumilia maumivu leo kwa ajili ya faida ya mwaka wa tatu, wa nne na wa tano. Mzee mwenye saratani iliyosambaa, au ambaye figo zimekwisha, au asiyewatambua tena wanawe, huenda mwaka huo wa nne hautamfikia. Kumpasua huyo ni kumpa adhabu bila malipo. Huyo stenti ya pale panaposumbua zaidi, au dawa peke yake, inaweza kuwa huruma kubwa kuliko upasuaji mkubwa.

Ndiyo maana mimi siulizi sana cheti cha kuzaliwa, ambacho wazee wetu wengi hawana. Naangalia mzee anavyoingia mlangoni. Je, anaweza kuinuka kwenye kiti bila kushika mikono? Ninapima mita tano kwenye korido na kumwomba atembee mwendo wake wa kawaida. Akichukua sekunde sita au zaidi, najua mwili wake umepungua akiba, na hatari ya kumpasua imepanda. Nauliza kama amepungua uzito bila sababu, kama anajivalisha, kama anakumbuka alichokula jana. Mzee wa miaka 80 anayepalilia shamba lake anaweza kuvuka upasuaji vizuri kuliko mtu wa miaka 64 anayeshinda kitandani. Mzee wangu wa Mbinga alitembea mita tano kwa sekunde nne na nusu, kisha akaniuliza kama nataka arudi.

Kuna jambo jingine la wazee ambalo familia hushtuka nalo wasipoandaliwa. Siku za mwanzo baada ya upasuaji mzee anaweza kuchanganyikiwa: anaona watu wasiokuwapo, anang'oa mipira, anamwita mkewe aliyefariki zamani. Wengi hurudi sawa baada ya siku chache. Mtu wa nyumbani akikaa karibu, akimvalisha miwani yake na kumwambia leo ni siku gani, husaidia sana. Stenti nayo isionekane haina makucha: dawa inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye picha inaweza kuumiza figo zilizokwisha kudhoofika, kwa hiyo figo zipimwe kabla.

Na kuna njia ya tatu ambayo watu huidharau kwa sababu haina mashine: dawa peke yake. Utafiti wa ISCHEMIA, uliochapishwa mwaka 2020, ulihusisha wagonjwa 5,179 katika nchi 37, ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia na mshipa mkuu wa kushoto haukuwa umeziba. Waliopelekwa mapema kuwekewa stenti au kupasuliwa hawakuishi zaidi, katika miaka mitatu na kidogo waliyofuatiliwa, kuliko waliopewa dawa nzuri kwanza. Walichopata zaidi ni nafuu ya maumivu, wale waliokuwa wakiumwa mara kwa mara. Kwa hiyo mzee anayebanwa kifua mara moja kwa mwezi akipanda mlima, na dawa zinamtuliza, hana sababu ya kuuza ng'ombe kesho asubuhi.

Hayo yote ni kwa ugonjwa uliotulia. Shambulio la moyo ni jambo jingine. Maumivu ya kifua yanayokaa zaidi ya dakika ishirini, jasho baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi mtu akiwa amekaa: hapo hakuna kikao cha familia. Mpe atafune aspirini ya miligramu 300, au zile ndogo za 75 nne, isipokuwa kama dawa hiyo humdhuru au anatokwa damu, na mumpeleke hospitali saa hiyohiyo. Zipo dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, na nguvu yake iko kwenye saa za kwanza. Msimpeleke kwanza kwa mtaalamu wa tumbo, na msingoje kupambazuke. Penye mtambo wa kuzibua, stenti katika saa hizo ndiyo inayotangulia, hata kwa mzee. Sisi mtambo huo Songea hatuna, kwa hiyo kila dakika mnayopoteza nyumbani inatuuma zaidi kuliko inavyomuuma mtu wa Dar.

Sasa nirudi kwenye stenti, kwa sababu kuna jambo nalijua kwa uchungu. Baba yangu mdogo aliwekewa stenti mbili akiwa na miaka 69. Alirudi nyumbani anacheka, maumivu yamekwisha, akaniambia, "Kumbe ninyi madaktari mnajua kazi." Alipewa aspirini na klopidogreli, vidonge viwili vya kuzuia damu isigande ndani ya kile chuma kabla mwili haujakifunika. Mwezi wa tatu klopidogreli ikaisha. Akasema atanunua akishauza mahindi. Si alikuwa amepona? Wiki chache baadaye damu iliganda ndani ya stenti. Alifika hospitali akiwa tayari amefariki. Mimi ndiye daktari wa ukoo. Nilikuwa nampigia kila Jumapili, tunazungumza mvua na bei ya mbolea, na sikuwahi kumuuliza vidonge vimebaki vingapi.

Kwa hiyo ninaposikia stenti ni "kazi ndogo", nakumbuka kwamba udogo ule ni wa siku moja tu. Dawa hizo mbili kwa pamoja kwa kawaida hunywewa miezi sita, au kumi na miwili ikiwa stenti iliwekwa baada ya shambulio la moyo. Kwa mzee aliye katika hatari ya kutokwa damu daktari anaweza kufupisha, lakini ni yeye anayefupisha, si duka la dawa wala mfuko wa fedha. Aspirini mara nyingi huendelea, pamoja na dawa ya kushusha lehemu. Na waliopasuliwa nao wana dawa zao za maisha. Nawaomba pia wazee wenye magoti yanayouma: msinunue diklofenaki kiholela. Inaumiza figo na tumbo, inaongeza hatari ya moyo, na ukiichanganya na dawa hizi unaweza kutapika damu.

Hapo ndipo ramani inapoingia. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, hufanya kazi zote mbili, stenti na upasuaji. Hapo nyuma wengi wa wagonjwa hawa walipelekwa India. Lakini mgonjwa lazima aende, akae, arudi kliniki, aende tena. Kabla hamjaamua, muulize bima yake inalipia nini: kitanda na upasuaji tu, au na dawa za mwaka mzima baada ya hapo? Mzee asiyejiweza wa miaka 60 na zaidi, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya safari, si baada ya kudaiwa. Nani atakaa naye Dar wiki tatu au nne? Huku nyumbani, ni duka gani lina klopidogreli kila mwezi? Haya si maswali ya kidaktari, lakini nimeona yakiamua maisha ya watu kuliko picha zilizomo kwenye sidii.

Na mwulizeni daktari wa moyo maneno haya waziwazi: mishipa mingapi, na je, picha zake zimeangaliwa na daktari wa upasuaji na wa stenti wakiwa pamoja? Palipo na mishipa mitatu au ule mkuu wa kushoto, uamuzi huo haupaswi kuwa wa mtu mmoja. Katika barua ya mzee wangu sahihi zilikuwa mbili. Hilo lilinitosha.

Tulizungumza karibu saa nzima, kaka mkubwa akiwa kwenye simu kutoka Dar, sauti imefunguliwa. Yeye alikuwa hataki kabisa. "Baba amechoka, mwacheni apumzike," alirudia. Binti alikuwa ameanza kuelewa lakini anaogopa. Nikagundua kwamba tumezungumza dakika arobaini na hakuna aliyemgeukia mwenye kifua.

"Baba," nikamwambia, "wewe unatakaje?"

Alifikiri kidogo. Akauliza, nikipasuliwa, nitaweza kuchuma kahawa mwakani? Nikamwambia ukweli: ukivuka salama, na wengi wenye nguvu kama zako huvuka, miezi mitatu ya kwanza hutashika jembe wala kubeba ndoo, baada ya hapo taratibu utarudi. Akauliza, na nisipopasuliwa? Nikamwambia dawa zitakusaidia, stenti pia zingekupunguzia maumivu, ila kwa mishipa yako na sukari yako, naungana na waliokuona. Nikamwambia na hatari ya kiharusi, kwa namba zilezile nilizokuandikia hapo juu. Kwenye simu kukawa kimya.

"Basi waniandikie tarehe," mzee alisema. "Lakini nikivuna kwanza."

Tarehe imetoka, ni baada ya mavuno. Juzi binti yake alipita kuuliza wabebe nini. Nilimwambia walete dawa zote anazokunywa katika mfuko mmoja, hata za kienyeji, shati za kufungua mbele, miwani yake, na mto mdogo mgumu. Mto wa nini, akauliza. Wa kukumbatia kifuani akitaka kukohoa, nikamwambia, na wa kuweka chini ya mkanda wa gari siku ya kurudi.